Kengele ya Usiku Ilipwe



Yapo maofisi hapa Juba, na Malakia yamo pia, ambamo simu ya mezani haipiti tena kwenye waya wa zamani. Inapita kwenye intaneti. Katika chumba kidogo cha nyuma, mara nyingi kile kile kinachohifadhi karatasi na mafagio, imewekwa kompyuta moja inayoitwa seva, na ndani ya seva hiyo mna programu inayounganisha simu zote za ofisi na kuzitoa nje hadi Kampala, Nairobi na kwingineko. Programu inayojulikana sana na mafundi wetu ni Asterisk, iliyoanzishwa na Mark Spencer huko Marekani mwaka 1999. Inatolewa bure, na kwa sababu hiyo imeenea. Fundi mmoja akipewa kompyuta ya kawaida anaweza kuipatia ofisi ya watu 50 mtambo ambao zamani ungejaza chumba kizima na kuhitaji opereta wa zamu.

Opereta huyo ameondoka siku nyingi. Aliyebaki ni fundi, na sasa naye ameanza kuulizwa ana kazi gani.

Chanzo chake ni hiki. Hapo awali fundi akifika asubuhi alianza kwa kuijulia hali seva. Alitazama kama programu inafanya kazi, kama simu zote zimejiandikisha, kama laini ya kutokea nje iko hai, kama diski haijajaa. Kisha akainua simu moja na kupiga. Siku hizi kazi hiyo anaiandika mara moja katika faili ya amri, yaani skripti, na kuikabidhi kwa cron, programu ndogo inayosoma orodha yake kila dakika na kutekeleza kila amri kwa saa iliyopangiwa. Cron yenyewe si kitu kipya. Ilikuwamo katika Unix ya maabara ya Bell mwaka 1979, kwa hiyo umri wake unawapita mafundi wengi wanaoitumia. Skripti inakagua kila baada ya dakika 5, mchana na usiku, na ikikuta kasoro inapeleka ujumbe kwenye simu ya fundi.

Mwajiri akiona hivyo husema: mtambo unajikagua wenyewe, zamu ya usiku ya nini? Hoja hii inafaa kujibiwa kwa utulivu, maana ndani yake mna kweli kidogo na dhuluma kubwa.

Tuanze na ile kweli. Hatuna sababu ya kuikataa skripti. Kuamka saa nane za usiku ili kuandika kwenye daftari kwamba simu 42 ziko hai ni kazi isiyomjenga mtu, na binadamu aliyechoka huandika 42 hata pale ambapo zimebaki 30. Wala jambo lenyewe si geni katika kazi za simu. Mitambo ya zamani ya Uingereza, ile ya swichi za chuma, ilikuwa na vifaa vya kupima swichi moja baada ya nyingine wakati wa usiku, na asubuhi mafundi walikuta orodha ya zilizoharibika. Orodha hiyo haikukarabati hata swichi moja.

Ukaguzi una ngazi zake, na hapo ndipo wakubwa wengi wanapodanganyika. Ngazi ya chini kabisa ni kuuliza kama Asterisk imo ndani ya seva na inaishi. Hilo ni sawa na kuweka mkono puani mwa mgonjwa: utajua anapumua, hutajua kama anakusikia. Ngazi ya pili ni kuhesabu simu zilizojiandikisha na kutazama kama laini ya kampuni inayotutoa nje imekubaliwa. Hapo umesogea, lakini bado. Kila fundi wa kazi hii anaujua ule ugonjwa wa sauti ya upande mmoja, ambapo mteja wa Kampala anamsikia karani wa Malakia lakini karani hasikii neno. Seva ukiiuliza wakati huo inasema kila kitu ni kizima. Dawa yake ni ngazi ya tatu, yaani skripti iupigishe mtambo simu ya kweli. Asterisk inaliwezesha jambo hili kwa urahisi: ukiweka faili ndogo ya maandishi katika folda yake ya simu za kutoka, inapiga namba iliyoandikwa humo bila mkono wa mtu. Upande wa pili ukirudisha sauti iliyopelekwa, na seva ikapima kwamba imerudi, ndipo unaweza kusema simu inafanya kazi. Mafundi wanaofika ngazi hii ni wachache, kwa sababu inahitaji muda wa kuiandika na kuijaribu, na muda huo mwajiri haupangi.

Kuhusu diski tuseme kwa kifupi. Ofisi nyingi zinapenda kurekodi mazungumzo. Rekodi ya kawaida isiyobanwa inakula karibu megabaiti 1 kwa kila dakika. Simu 20 zikizungumza saa 3 kwa siku, hizo ni dakika 3,600, yaani gigabaiti 3 na nusu kila siku ya kazi. Diski ikijaa rekodi zinakatika, ujumbe wa sauti haupokelewi, na anayelaumiwa ni fundi, hata kama barua yake ya kuomba diski kubwa imelala mezani kwa mkubwa tangu mwaka jana.

Sasa tuje kwenye hali ya hapa kwetu, maana skripti nyingi zinazotumika Juba zimenakiliwa kutoka mahali ambapo umeme haukatiki na intaneti ni ya kasi. Katika mpangilio wa zamani wa Asterisk, ukiwasha ukaguzi wa simu, seva huipigia kila simu hodi mara moja kwa dakika na kusubiri jibu kwa sekunde 2. Lisipofika, simu inahesabiwa kuwa haipatikani. Mahali penye mkonga, sekunde 2 ni muda mrefu mno. Lakini kabla mkonga wa Liquid Telecom haujafika Juba mwaka 2020, mji huu uliishi kwa setilaiti, na wapo ambao hadi leo wanaitegemea, ama kama njia kuu ama ya akiba. Setilaiti ya aina ile ya zamani iko juu yetu kilomita 36,000 hivi. Swali linapanda na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka. Jumla ni safari ya kilomita 144,000, ambayo hata mwanga unaimaliza kwa karibu nusu sekunde. Ongeza msongamano wa saa nne asubuhi, watu wote wakiwa wanatuma barua zao, na zile sekunde 2 zinapita. Skripti inapiga kengele, fundi anakimbia, anakuta simu nzima. Kengele ya uongo ikilia mara kumi kwa siku, ya kumi na moja, iliyo ya kweli, hakuna atakayeiamkia. Kurekebisha muda huo kulingana na njia iliyopo ni kazi ya fundi anayeijua Juba, na wala haifanyiki mara moja tu, kwa sababu njia zenyewe zinabadilika.

Umeme nao una yake. Cron haina kumbukumbu ya saa iliyopita. Ukaguzi ukipangwa saa nane za usiku, na jenereta ikazimwa saa sita ili kubana mafuta, betri zikaisha saa saba, basi saa nane inapita seva ikiwa imelala. Seva ikiamka asubuhi cron haitasema nimekosa kazi ya usiku. Inaendelea na ya dakika hiyo. Msimamizi anayetazama ujumbe wake na kuona hakuna kasoro iliyoripotiwa usiku anadhani usiku ulikuwa mzuri.

Halafu kuna jambo la saa, ambalo wenzetu wa nchi nyingine huenda wakacheka. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa yake nyuma kwa saa moja, ikaachana na saa ya Afrika Mashariki. Kenya, Uganda na Tanzania zilibaki palepale. Seva ambayo majedwali yake ya saa hayakusasishwa iliendelea kuishi katika saa ya zamani. Na kampuni inayoweka seva yake Nairobi kwa ajili ya ofisi ya Juba ina tatizo hilo mpaka leo: skripti iliyopangwa kukagua simu za Malakia saa moja na robo tatu asubuhi kwa saa ya Nairobi inazikuta Juba ikiwa ni saa kumi na mbili na robo tatu, jenereta haijawashwa, simu zote zimekufa, kengele juu ya kengele. Tena sisi wa Kiswahili tunahesabu saa kuanzia alfajiri na mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa mbili asubuhi yetu kwake ni 8, na 2 yake ni saa nane zetu za usiku. Maagizo ya kazi yakiandikwa tu “ikague saa 2”, kila mmoja atayasoma kwa saa ya kwao.

Swali kubwa kuliko yote ni kengele inapita njia gani. Tumeona mipango ambamo seva ikipoteza intaneti inatakiwa kupeleka barua pepe ya kutangaza kwamba imepoteza intaneti. Ni kama kumtuma aliyezama akaite watu. Kengele lazima ipite njia nyingine, kwa mfano kifaa kidogo chenye laini ya simu ya mkononi kinachotuma ujumbe mfupi. Na hata hiyo haitoshi kuwekwa na kusahauliwa: mtandao wa Vivacell ulipofungwa Machi 2018, kila namba yake iliyokuwa imeandikwa ndani ya skripti iligeuka kuwa shimo la kutupia ujumbe. Njia iliyo salama zaidi ni kuugeuza mpango. Seva iseme “mimi mzima” kila baada ya dakika 10 kwa mashine nyingine iliyo nje ya jengo, nje ya Juba ikiwezekana, na mashine hiyo ipige kengele pale inapokosa kusikia neno. Hapo ukimya wenyewe unakuwa habari, na ule usiku wa jenereta iliyozimwa hauwezi kujificha.

Wengine wanasema hata fundi wa kuamshwa hahitajiki: skripti ikiona kasoro iizime programu na kuiwasha upya. Tunaonya. Amri ya kuzima papo hapo inakata kila mazungumzo yaliyo hewani, na kama kasoro ilikuwa ni setilaiti yenye msongamano, kuizima hakuleti faida yoyote. Asterisk ina amri nyingine ya upole, inayokataa simu mpya na kusubiri zilizopo zimalizike. Itumike hiyo, na baada ya ukaguzi mara tatu mfululizo kushindwa, na mtu ajulishwe kila mara. Seva inayojizima na kujiwasha mara sita kwa usiku bila yeyote kujua inaficha ugonjwa.

Hatuwezi kuliacha suala la wizi. Seva ya simu inayoonekana kwenye intaneti hubishiwa hodi mchana na usiku na programu za wahuni zinazotafuta neno la siri dhaifu. Wakilipata, wanasubiri usiku au mwisho wa juma, ofisi ikiwa imefungwa, kisha wanapiga simu kwa namba za nchi za mbali zenye gharama kubwa, ambazo wao wenyewe wana fungu lao ndani yake. Skripti rahisi kabisa, inayohesabu simu zilizo hewani saa nane za usiku na kushangaa ikikuta zaidi ya sifuri, inaweza kuokoa ankara ya mwezi mzima. Tunalitaja hapa kwa sababu tunajua ankara ya namna hiyo ikija huangukia nani. Huwa haimwangukii aliyekataa kununua kinga. Hukatwa kidogo kidogo katika mshahara wa fundi, au wa mlinzi wa getini aliyekuwapo usiku ule, ambaye hajawahi hata kuigusa simu ya ofisi.

Sasa dhuluma tuliyoitaja mwanzoni inaonekana ilipo. Skripti haijaiondoa zamu ya usiku. Imeihamisha kutoka ofisini, mahali ilipokuwa na kiti, taa, chai na malipo, ikaipeleka kitandani kwa fundi, mahali ambapo haina chochote. Simu yake haizimwi. Akiitwa saa tisa anafungua kompyuta yake mwenyewe, anatumia bando alilolinunua mwenyewe, na kama kasoro haitengenezeki kwa mbali anatakiwa atoke aende ofisini. Kila anayeishi Juba anajua maana ya kutembea mji huu saa tisa za usiku. Asubuhi saa mbili anatakiwa awe kazini kama wengine. Mwisho wa mwezi karatasi ya mshahara inaonyesha saa zile zile za mchana, kwa sababu usiku “mtambo ulijikagua”.

Kwingineko mambo haya yamepata majibu. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuwa ni baada ya saa 2 usiku hadi kabla ya saa 12 asubuhi. Inamtaka mwajiri aongeze angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kazi ya usiku, na saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu. Mahakama ya Umoja wa Ulaya, Februari 2018, iliamua kesi ya zimamoto mmoja wa mji wa Nivelles nchini Ubelgiji, aliyetakiwa kukaa nyumbani akiwa tayari kufika kituoni ndani ya dakika 8. Ilisema muda huo wa kusubiri ni muda wa kazi, kwa sababu mtu aliyefungwa kwa dakika 8 hana uhuru na usiku wake. Hukumu hiyo haitufungi sisi, lakini hoja yake haihitaji pasipoti. Hapa kwetu ipo Sheria ya Kazi ya mwaka 2017, nayo inaweka mipaka ya saa za kazi. Saa ya kuamshwa na skripti ni saa ya kazi, na tunataka isomwe hivyo.

Kwa hiyo msimamo wetu katika mazungumzo ni huu. Kila seva yenye kengele ya usiku iwe na orodha ya zamu iliyoandikwa na kubandikwa, wasiopungua watu wawili wanaopokezana. Fundi mmoja kuwa zamuni siku 365 ni utumwa hata kama kengele inalia mara moja kwa mwezi. Usiku wa kusubiri uwe na posho yake, na kuamshwa kulipwe kama saa za ziada kuanzia dakika ujumbe ulipoingia. Bando na vifaa ni vya mwajiri. Hakuna atakayelazimishwa kutoka nyumbani usiku. Kama ofisi inaona simu zake haziwezi kungoja alfajiri, ilete gari na mtu wa kumsindikiza, au iweke zamu ya ofisini kama zamani. Na fundi akihama, namba yake ifutwe katika skripti siku hiyo hiyo. Yupo mwenzetu aliyerudi kwao Arua ambaye bado anapata ujumbe kutoka Malakia kila jenereta inapozimwa.

Lipo pia suala la kumbukumbu zinazoandikwa na mtambo. Seva inaandika kila kitu: simu ipi ilijiandikisha saa ngapi, nani alipiga, kasoro ilianza lini na iliisha lini. Kumbukumbu hizo ni shahidi mzuri wa mfanyakazi. Mwajiri akidai simu zilikufa kwa uzembe wa fundi, kumbukumbu zinaonyesha kwamba laini ya kampuni ya nje ndiyo iliyokatika saa tisa na dakika 12, na fundi akajibu saa tisa na dakika 19. Lakini kumbukumbu hizo hizo zinaweza kugeuzwa fimbo ya kuhesabu karani ameacha simu yake kwa dakika ngapi. Ukaguzi wa afya ya mtambo usigeuzwe kuwa upelelezi wa watu. Mafundi wenzetu wasikubali kuandika skripti ya namna hiyo bila tawi kujulishwa, na mkataba useme wazi nani anaruhusiwa kuzisoma kumbukumbu na kwa muda gani zinahifadhiwa.

Tunawaomba mafundi wote wa simu, wa Malakia na wa mitaa mingine ya Juba, kila mmoja atoe katika seva anayoihudumia orodha ya kengele za usiku za miezi 3 iliyopita. Iandikwe tarehe, saa ya ujumbe, kasoro iliyokuwapo, dakika alizotumia, na kama alitoka nyumbani. Namba za wateja na majina ya waliopiga simu yaondolewe kwanza. Pale ambapo seva iko Nairobi au Kampala, saa zigeuzwe ziwe za Juba kabla ya kuandikwa. Orodha zipelekwe kwa makatibu wa matawi, kwenye karatasi au kwenye flashi.